Namna ya kutazama sanamu na mahekalu ya Misri na Ugiriki ya kale

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika makumbusho yenye vitu vya Misri na Ugiriki ya kale, au anayepitia picha zake kwenye simu, mara nyingi huanza kwa kuuliza kitu hiki ni cha mwaka gani na kimetengenezwa kwa mtindo gani. Maswali hayo ni halali, lakini yanaweza kusubiri. Swali la kwanza liwe hili: kitu hiki kilisimama wapi, na nani alikusudiwa kukiona? Jibu lake ndilo litakaloeleza kwa nini sanamu ya Kimisri imekakamaa, kwa nini ile ya Kigiriki inaonekana kutaka kuondoka ilipo, na kwa nini hekalu la Misri linazidi kuwa na giza kadiri mtu anavyoingia ndani, ilhali la Ugiriki limewekewa karibu mapambo yake yote upande wa nje. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: rula, penseli, karatasi, na picha kubwa zinazoonekana vizuri.

Mahali kwanza

Tuanze Saqqara, kusini mwa Kairo, kwenye piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, ambayo ilijengwa yapata mwaka 2650 KK na ambayo Imhotep ndiye anayehesabiwa kuwa msanifu wake. Upande wa kaskazini wa piramidi hiyo kuna chumba kidogo cha mawe kilichozibwa pande zote. Ndani yake iliwekwa sanamu ya mfalme ameketi, na kwenye ukuta ulio mbele ya uso wake yakatobolewa matundu mawili madogo, usawa wa macho. Leo watalii huinama na kuchungulia ndani kupitia matundu hayo (wanachokiona ni nakala, kwani sanamu yenyewe imehifadhiwa Kairo), lakini matundu hayakutobolewa kwa ajili ya mchunguliaji. Yaliwekwa ili mfalme atazame nje, kuelekea anga la kaskazini, na apokee sadaka na moshi wa ubani.

Sanamu iliyotengenezwa ili ifungiwe gizani haina sababu ya kumfurahisha mpita njia. Kazi yake ni kudumu, ili roho ya marehemu iwe na pa kukaa hata mwili ukiharibika. Ndiyo maana mchongaji wa Kimisri alipenda mawe magumu kama graniti na dioriti, akaibana mikono ubavuni, akaacha jiwe lijaze nafasi kati ya miguu, na mara nyingi akaisimamisha sanamu ikiwa imeegemea nguzo bapa ya mgongoni. Kila kilichoweza kuvunjika kwa urahisi kimepunguzwa. Anayeuita ukakamavu huo udhaifu wa ufundi hajauliza sanamu ilikuwa na kazi gani.

Sasa linganisha na sanamu ya kijana iliyopatikana Anavysos, katika jimbo la Attika, ambayo sasa iko katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athene. Ni ya marumaru, ina urefu wa mita 1.94, na ilichongwa yapata mwaka 530 KK. Ilisimamishwa juu ya kaburi mahali pa wazi, na maandishi yaliyo kwenye kitako kinachohusishwa nayo yanamwambia anayepita asimame na kumwombolezea Kroisos, aliyeuawa vitani akipigana mstari wa mbele. Sanamu hii inamhitaji mtazamaji. Bila mtu wa kusimama mbele yake, maneno yale hayana wa kuambiwa.

Kwa hiyo, unaposoma maelezo ya kitu kwenye makumbusho, tafuta kwanza kilichimbwa wapi: kaburini, hekaluni, nyumbani au baharini. Maelezo yakisema tu kwamba kimetoka Misri au Ugiriki bila kutaja mahali, yaelekea kilipitia kwa wafanyabiashara kabla ya kufika hapo, na sehemu kubwa ya habari zake imepotea njiani. Kisome kwa tahadhari.

Kupima umbo la Kimisri

Chukua picha ya mtu aliyesimama kutoka kwenye ukuta wa kaburi au hekalu la Kimisri. Utaona kwamba kichwa kimechorwa kwa upande, jicho limechorwa kama linaloonekana kutoka mbele, mabega yametazama mbele, kisha nyonga na miguu vimerudi upande. Msanii hakuwa anaonyesha mtu anavyoonekana kutoka sehemu moja kwa wakati mmoja. Alikusanya kila kiungo kwa namna kinavyotambulika vizuri zaidi, ili mtu huyo awe kamili milele. Miguu ndiyo inayofichua mengi: mara nyingi yote miwili huonyeshwa kutoka upande wa ndani, kiasi kwamba kidole gumba kiko mbele kwa kila mguu na mtu anaonekana ana miguu miwili ya upande mmoja.

Baada ya hapo, pima. Kanuni iliyotumika kwa karne nyingi iliugawa urefu wa mtu aliyesimama, kuanzia wayo hadi mahali nywele zinapoanzia kwenye paji la uso, katika miraba 18. Weka rula juu ya picha, gawanya urefu huo kwa 18, kisha hesabu kutoka chini: goti liko karibu na mstari wa 6, yaani theluthi moja ya urefu, sehemu ya chini ya makalio iko karibu na mstari wa 9, yaani nusu, mabega yako kwenye mstari wa 16. Mtu aliyeketi alipewa miraba 14. Baadaye, katika karne ya saba KK, miraba ilifanywa midogo zaidi, na mtu akahesabiwa kuwa 21 kutoka wayo hadi kwenye kope la juu. Picha ikikataa kabisa kulingana na kanuni hizi, jiulize kama ni ya wakati wa Akhenaten, karne ya 14 KK, mfalme aliyebadili hata umbo la mwili michoroni, au kama aliyechorwa ni mtumishi, mcheza ngoma au adui, kwani hao msanii aliwachora kwa uhuru zaidi.

Ukubwa nao ni cheo. Kwenye bamba la mfalme Narmer, la yapata mwaka 3100 KK, ambalo halifiki hata urefu wa sentimita 65, mfalme ameinua rungu juu ya adui aliyepiga magoti, na nyuma yake yuko mtumishi mdogo mno aliyebeba makubadhi ya bwana wake. Mtumishi huyo si mtoto wala hayuko mbali. Upande mmoja wa bamba mfalme amevaa taji la Misri ya Juu, yaani kusini, upande wa pili taji la Misri ya Chini, yaani kaskazini. Kuligeuza bamba ni sehemu ya kulisoma, na makumbusho yanayoonyesha upande mmoja tu wa vitu vya namna hii humnyima mtazamaji nusu ya habari.

Kwenye maandishi ya hieroglifi, tazama ndege, wanyama na watu wameelekeza nyuso wapi. Nyuso zao hutazama mwanzo wa mstari, hivyo unasoma kwa kwenda kukutana nazo. Maandishi yanayomhusu mtu fulani kwa kawaida huelekea upande uleule anaoelekea yeye. Majina ya wafalme yamezungushiwa mstari wenye umbo la yai refu lililofungwa chini, na huhitaji kujua lugha kuyatafuta. Ni majina hayo, hasa la mfalme Ptolemaio, yaliyomsaidia mtaalamu Mfaransa Champollion kufumbua maandishi haya mwaka 1822. Ukikuta yai lililochimbwachimbwa kwa patasi, umekuta ugomvi wa kisiasa. Huko Deir el-Bahari, kwenye hekalu la malkia Hatshepsut, sanamu na majina yake mengi yalifutwa baada ya kifo chake, lakini vivuli vya umbo lake bado vinaonekana ukutani. Kuta hizohizo zina habari ya msafara wake wa kwenda Punt, nchi ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa kusini wa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika: nyumba zilizosimama juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, miti ya ubani iliyobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, na chini ya merikebu samaki waliochongwa kwa makini kiasi kwamba aina zake zinatambulika. Msomaji wa Afrika Mashariki asiuache ukuta huo.

Jambo moja zaidi kuhusu kuta ni kina cha mchongo. Mchongo uliochomoza hupatikana kwa kupunguza ukuta mzima pembeni mwa umbo. Uliozama hupatikana kwa kuchimba umbo lenyewe ndani ya ukuta. Wa pili hufaa zaidi nje, kwa sababu jua kali hutia kivuli kwenye kingo zake. Katika ukumbi mkubwa wa nguzo wa hekalu la Karnak, wenye nguzo 134, upande wa kaskazini una kazi nzuri ya mfalme Seti I iliyochomoza, na upande wa kusini una kazi ya mwanawe, Ramesses II, ambaye aliishia kupendelea mchongo uliozama. Huchongwa haraka, na ni vigumu zaidi kwa mfalme ajaye kuufuta.

Mistari mitatu juu ya sanamu

Wagiriki walijifunza mengi kwa Wamisri, na hilo halihitaji kubishaniwa. Tangu enzi ya Psammetikhos I, aliyetawala kati ya mwaka 664 na 610 KK, askari wa kukodiwa kutoka Ugiriki walifanya kazi Misri, na wafanyabiashara wao walikuwa na mji wao, Naukratis, kwenye delta ya Naili. Yapata mwaka 592 KK baadhi ya askari hao walichonga majina yao kwa Kigiriki kwenye mguu wa sanamu kubwa ya Ramesses II huko Abu Simbel, wakiwa kwenye msafara wa vita dhidi ya Kushi, ufalme uliokuwa kusini mwa Misri. Mwandishi Diodoro naye anasimulia jinsi ndugu wawili, Telekles na Theodoros, walivyochonga kila mmoja nusu ya sanamu moja, mmoja akiwa Samos na mwingine Efeso, na nusu zikaoana zilipokutanishwa, kwa sababu waliugawa mwili katika sehemu 21 na robo kama walivyofanya Wamisri. Iwe kisa hicho kilitokea au la, kinaonyesha kwamba Wagiriki wenyewe walijua kanuni ile imetoka wapi.

Tazama basi sanamu ya kijana iliyoko makumbusho ya Metropolitan, New York, iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya sita KK. Mguu wa kushoto uko mbele, mikono imeshuka ubavuni, ngumi zimefumbwa, kama kwa Wamisri. Kisha tafuta tofauti. Jiwe lililo kati ya mikono na kiwiliwili limetolewa, nafasi kati ya miguu iko wazi, nguzo ya mgongoni haipo, na kijana yuko uchi. Mchongaji amekubali hatari ya sanamu kuvunjika vifundoni ili iweze kuzungukwa na watazamaji pande zote.

Kwa sanamu yoyote iliyosimama, chora mistari mitatu juu ya picha yake: mmoja upite kwenye mabega, wa pili kwenye nyonga, wa tatu kwenye magoti. Mistari yote ikiwa sambamba na ardhi, sanamu ni ya Kimisri au ni ya Kigiriki ya zamani zaidi. Ikianza kuinama, umefika yapata mwaka 480 KK au baadaye. Sanamu ya marumaru ya kijana iitwayo ya Kritios, iliyoko Athene, imeuweka uzito kwenye mguu mmoja, na nyonga ya upande huo imepanda kidogo tu, kiasi kwamba bila rula mtu anaweza asitambue. Miaka 40 hivi baadaye, mchongaji Polykleitos alitengeneza sanamu yake ya mbeba mkuki, na huko mabega na nyonga vinainama kwa kupingana waziwazi.

Mbeba mkuki huyo alikuwa wa bronzi na amepotea. Tulizonazo ni nakala za marumaru za wakati wa Warumi. Kuitambua nakala ya aina hii ni rahisi. Tafuta kisiki cha mti kilichoegemezwa mguuni, au kijiti cha jiwe kinachounganisha mkono na paja. Bronzi ni nyepesi kwa kuwa ndani yake mna uwazi, nayo haihitaji egemeo. Marumaru ni mazito, na bila kisiki yangekatika mguuni. Sehemu kubwa ya bronzi za Ugiriki ziliyeyushwa ili madini yatumike tena, na kadhaa kati ya zile bora zilizobaki zimeopolewa baharini.

Rangi ipewe neno moja tu: marumaru meupe ya Ugiriki hayakuwa meupe. Yalipakwa nyekundu, buluu na manjano, kama kuta za Misri zilivyopakwa, na mabaki ya rangi hizo bado yanaonekana kwenye nywele na nguo za sanamu za wanawake zilizoko katika Makumbusho ya Akropoli.

Kutembea ndani ya hekalu, na kulizunguka

Kwa hekalu la Misri, pata ramani ya Edfu, hekalu la Horus, kwa sababu ndilo lililobaki zima kuliko mengi. Weka kidole kwenye lango kuu lenye minara miwili ya mita 36 hivi, kisha sogea ndani polepole: ua ulio wazi, ukumbi wa nguzo, ukumbi mwingine mdogo zaidi, vyumba vya sadaka, halafu patakatifu penye kibanda cha graniti cha kuwekea sanamu ya mungu. Kwa kila chumba andika mambo matatu: sakafu imepanda au la, dari imeshuka au la, na mwanga unaingia kwa wapi. Utakuta sakafu inapanda, dari inashuka, na mwanga unapungua hadi kubaki miali michache kutoka matundu ya paa. Raia walikomea sehemu za mbele. Patakatifu waliingia mfalme na makuhani. Mapambo yanafuata mpangilio huo: kwenye lango, mfalme mkubwa mno anawapiga maadui, picha ya kuonwa na kila mtu, ndani, mfalme huyohuyo anatoa sadaka kimya mbele ya mungu.

Hekalu la Kigiriki lisome kwa kulizunguka. Madhabahu ilikuwa nje, upande wa mashariki, na ibada ya watu wengi ilifanyika hewani. Parthenon, iliyojengwa Athene kati ya mwaka 447 na 432 KK na Iktinos na Kallikrates, huku Pheidias akisimamia sanamu, ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni. Mgeni aliyepita lango la Akropoli, kilima cha mahekalu cha Athene, aliliona kwanza kwa pembeni, kwenye kona ya kaskazini-magharibi, yaani alitazama nyuma na ubavu kwa pamoja, na ilimbidi atembee urefu wote ili afike mlangoni. Tafuta picha iliyopigwa sambamba na ngazi ya juu ya ubavu mrefu: ngazi hiyo, yenye karibu mita 70, imepanda katikati kwa sentimita 11 hivi. Nguzo nazo zimeinamia ndani kidogo, zimenenepa kidogo sehemu za kati, na zile za kwenye kona ni nene kuliko nyingine. Karibu hakuna mstari ulionyooka kabisa katika jengo hilo, na kila kipande cha jiwe kilipaswa kukatwa kwa ajili ya nafasi yake peke yake.

Ukanda wa michongo wa mita 160 unaozunguka sehemu ya ndani unatatiza kanuni yangu ya kuuliza nani alikusudiwa kukiona kitu, na ni haki kulisema hilo. Ulikuwa juu sana, nyuma ya nguzo za nje, kivulini, mahali ambapo jicho lilipata taabu kuufikia. Hata hivyo wachongaji walimfikiria mtu aliyesimama chini, kwani mchongo una kina zaidi juu kuliko chini. Makumbusho ya Uingereza (British Museum) mjini London, ambako sehemu kubwa ya ukanda huo ipo tangu vipande vyake viliponunuliwa mwaka 1816 kutoka kwa Elgin, balozi wa Uingereza aliyevitoa Athene, yanauonyesha karibu na usawa wa macho. Ukiwa hapo, au mbele ya picha yake, inama utazame kutoka chini. Vichwa vya farasi vitakaa sawa.

Kuhusu aina za nguzo za Kigiriki, inatosha kukumbuka kichwa na kitako. Ya Kidoriki haina kitako na kichwa chake ni bapa. Ya Kiionia ina kitako, na kichwa chake kina mizunguko miwili. Ya Kikorintho kichwa chake kimefunikwa majani ya mmea uitwao akantho. Nguzo za Misri huiga mimea ya mtoni: mafunjo yaliyochanua, mafunjo yaliyofumba, mtende, yungiyungi. Huko Karnak nguzo 12 za katikati, zenye mita 21 hivi, zimechanua kwa sababu zilipata mwanga wa madirisha ya juu, na nyingine 122 za pembeni zimefumba.

Tafuta kazi isiyokwisha

Hakuna mwalimu bora wa ufundi kama jengo lililoachwa njiani. Katika kaburi la mfalme Horemheb, kwenye Bonde la Wafalme huko Misri, kuta kadhaa zimeachwa katika hatua tofauti: mahali pengine kuna mistari ya miraba na michoro ya kwanza kwa wino mwekundu, mahali pengine mkuu wa wachoraji amesahihisha kwa wino mweusi, na kando yake mchongaji ameanza kukata jiwe. Ukipata picha zake, fuata mstari mmoja mwekundu wa mguu au wa sikio la mungu, uone masahihisho meusi yalivyohama kwa upana wa kidole. Huko Karnak, nyuma ya lango la kwanza, bado limelala rundo la matofali ya udongo, mabaki ya mteremko uliotumika kupandishia mawe.

Kwa upande wa Wagiriki, nenda Segesta, kisiwani Sisilia. Hekalu lake la mwishoni mwa karne ya tano KK halikukamilishwa: nguzo hazina mifuo, yaani mifereji ya kusimama inayochongwa kuzunguka nguzo, na kwenye mawe ya ngazi bado zimechomoza nundu zilizoachwa kwa ajili ya kunyanyulia, ambazo zingesuguliwa mwishoni. Hapo inaonekana wazi kwamba mifuo ilichongwa nguzo zikiwa zimekwisha kusimama.

Mahali dunia mbili zilipochanganyika

Baada ya Aleksanda kuanzisha Aleksandria mwaka 331 KK, Misri ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Kimakedonia kwa karibu miaka 300, na hapo mtu anayekadiria umri kwa mtindo peke yake hupotea. Edfu, niliyoitumia kama mfano wa hekalu la Kimisri, ilianzwa mwaka 237 KK na Ptolemaio III na kukamilika mwaka 57 KK. Dalili za wakati huo ni hizi: vichwa vya nguzo vilivyochanganya mimea kadhaa, kila kimoja tofauti na jirani yake, kuta fupi zinazounganisha nguzo za mbele, na miili yenye nyama zaidi, kitovu kikiwa kimechimbwa sana. Nyuma ya hekalu la Dendera, Kleopatra VII na mwanawe Kaisarioni wamechongwa kama wafalme wowote wa Kimisri wa kale, na bila majina hakuna ambaye angewatambua. Kwenye sarafu za malkia huyohuyo kuna mwanamke wa Kigiriki mwenye nywele zilizofungwa nyuma na pua iliyopinda.

Picha za nyuso zinazojulikana kama za Fayum, eneo la Misri, za karne tatu za kwanza BK, ndizo zoezi gumu zaidi, kwa sababu uso umechorwa kwa namna ya Kigiriki na Kirumi, kwa nta iliyotiwa rangi au kwa rangi zisizo na nta, juu ya ubao mwembamba uliofungwa kwenye maiti iliyohifadhiwa kwa desturi ya Kimisri. Makumbusho mengi huonyesha ubao peke yake, ukiwa na fremu kama picha ya sebuleni. Tazama kingo za juu za ubao kabla ya kutazama macho: kwa kuwa kila sehemu ya makaburi ilikuwa na desturi yake, zilizokatwa kwa mviringo kwa kawaida ni za Hawara, zilizokatwa pembe kwa mshazari ni za er-Rubayat, na zilizokatwa kama ngazi mabegani ni za Antinoopolis.